Nilivyotembezwa Lisbon, Mimi Mtembeza Wageni wa Kilwa

Kazi yangu ni kutembeza wageni Kilwa Kisiwani. Nawapokea gatini Kilwa Masoko, tunavuka, tunaanzia Gereza, ile ngome ya kale, tunapita Msikiti Mkuu na kasri la Makutani, na wenye miguu mizuri nafika nao mpaka magofu ya Husuni Kubwa. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa mafunzo mafupi ya utunzaji wa majengo ya kale, nilishajua siku ya mapumziko nitafanya nini. Nitatembezwa na mimi. Nilitaka kumwona mwenzangu wa huko akiwa kazini: anaanza vipi, anasimama wapi, anasema nini na ananyamaza lini.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mtu wa Kilwa haendi Lisbon kama anavyokwenda mji mwingine. Merikebu zilizoushambulia mji wetu Julai mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida, ziling'oa nanga huko. Habari hiyo nimewasimulia wageni kwa miaka, nikiwa nimesimama upande wetu wa bahari. Nilitaka kusikia inavyosimuliwa upande wa pili, au kama inasimuliwa kabisa.

Lisbon, kama miji mingi ya kale ya Ulaya, ina matembezi ya miguu ya namna mbili. Yako ya kulipia kabla, na yako yanayoitwa ya bure. Haya ya pili jina lake lisikudanganye: mwishoni kila mtu humpa mwongozaji kiasi anachoona kinamstahili, na hiyo ndiyo riziki yake ya siku. Ukienda, weka akiba ya noti mfukoni, maana kumshukuru kwa maneno matupu mtu aliyekufanyia kazi saa mbili na nusu ni dhuluma. Mimi niliyachagua haya kwa makusudi. Mtu asiyelipwa mpaka amalize kusema hawezi kusema ovyo.

Tulikutana asubuhi uwanja wa Rossio, ule uliosakafiwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama mawimbi. Vijiwe hivyo vimetandazwa karibu mji mzima, na miaka mingi ya nyayo imevifanya laini mno. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, hasa mvua ikinyesha. Ilikuwa mwezi Juni, jua la kweli. Mwongozaji wetu alikuwa dada wa Kireno wa makamo, mwenye mwavuli wa njano na mfuko mkubwa wa turubai begani. Kundi lilichanganyika: Wabrazili, Wajerumani, vijana kutoka Poland, na bibi mmoja aliyetembelea mkongojo akiwa na mjukuu wake.

Kabla ya kituo cha pili nilikuwa nimeshaona jambo ambalo mgeni wa kawaida asingeliona. Kila aliposimama, yeye ndiye aliyelikabili jua, sisi tukaligeuzia mgongo. Hakufungua mdomo mpaka yule bibi wa mkongojo afike na kupumua. Mtu akiuliza swali, alilirudia kwa sauti kabla ya kulijibu, ili wa nyuma wasibaki wakikisia. Na kila tulipoondoka alituachia kazi ya macho: "Tukiwa njiani, tazameni madirisha ya ghorofa za juu, halafu mniambie mmeona nini." Watu hawakwenda wakisinzia, walikwenda wakitafuta. Mambo haya ni madogo kuyasema, lakini aliyewahi kushika kundi la watu kumi na watano juani anajua yanavyobeba siku nzima.

Kutoka Rossio ni hatua chache hadi kiwanja kidogo cha São Domingos, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa dhati. Ni mahali ambapo mwongozaji mwoga angepita akionyesha kanisa tu. Yeye alitusimamisha mbele ya jiwe la ukumbusho lenye nyota ya Daudi, lililowekwa mwaka 2008. Akasema kwamba Aprili mwaka 1506, baada ya ghasia kuanzia ndani ya kanisa hili hili, umati uliwaua watu waliokuwa na asili ya Kiyahudi, ambao miaka michache nyuma mfalme aliwalazimisha kubatizwa. Wanakadiriwa kufikia 2,000 au zaidi. Hakulegeza sauti wala hakuipamba. Kisha akatuingiza ndani ya kanisa. Liliungua mwaka 1959, na walioliokoa hawakulipaka upya likawa kama halikuguswa na moto: nguzo zimebaki zimemeguka na kubabuka, kuta zina wekundu wa kuungua, huku ibada zikiendelea kila siku.

Tulipotoka aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alituonyesha watu waliokuwa wamesimama na kukaa kiwanjani wakizungumza, wengi wao Waafrika, hasa wenye asili ya Guinea-Bissau. Akasema msidhani hawa wameanza kuja juzi. Chama cha kidini cha Wakristo weusi, cha Bibi Yetu wa Rozari, kilikuwa na makao yake katika kanisa hili zaidi ya miaka 400 iliyopita. Hesabu ya mwaka 1551 ilikuta watumwa 9,950 katika mji wenye watu kama 100,000, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi. Walibeba maji, walifua, walipakua mizigo bandarini, waliuza samaki. Lisbon tunayoiita ya kale ilijengwa na kulishwa na mikono hiyo pia.

Nilitazama nyuso za wenzangu. Hakuna aliyekunja uso wala kuondoka. Hapo nilijifunza kwamba mgeni anaweza kubeba habari nzito ikiwa anayemsimulia ameshaonyesha kuwa anamjali, kwa kivuli, kwa subira, kwa kumngoja bibi wa mkongojo. Sisi wa Kilwa tuna habari za namna hiyo. Katika karne ya 18 na ya 19 pwani yetu ilisafirisha watumwa wengi mno. Wafaransa waliwanunua Kisiwani kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao, na baadaye Kilwa Kivinje ikawa mwisho wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Wageni wanapenda masultani na dhahabu, na ni rahisi kwa mtembeza wageni kuwapa wanachopenda na kulipita hilo jingine haraka haraka. Mwanamke yule hakupita haraka.

Tukapanda ngazi na miteremko hadi Largo do Carmo. Mijakaranda ilikuwa imechanua, zambarau tupu, na maua yamefunika mawe. Kando yake yako magofu ya kanisa la Carmo, lililoanzishwa mwaka 1389 na kuanguka paa katika tetemeko la 1755. Baadaye walianza kulijenga upya, wakaacha, na sasa matao yake yamesimama wazi chini ya mbingu. Nimezaliwa na kukulia kwenye magofu, kwa hiyo niliyatazama kwa jicho la fundi. Mbuni wa kwetu alitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kuwa boriti haiwezi kupita urefu wake. Hapa walikuwa na mawe makubwa ya kuchonga na matao marefu. Lakini tatizo la leo ni lile lile: mvua, mizizi, chumvi, na fedha za matengenezo zisizotosha.

Mwongozaji hakukaa sana kwenye kanisa. Alituelekeza kwenye kambi ya askari iliyo pembeni yake. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijifungia humo, na kapteni mmoja kijana, Salgueiro Maia, akaizingira kwa magari ya kijeshi huku raia wakiwa wamefurika kiwanjani na kupanda juu ya miti. Jioni Caetano alisalimu amri. Wananchi walichomeka maua ya mkarafuu mwekundu kwenye mitutu ya bunduki za askari. Utawala wa kidikteta uliodumu zaidi ya miaka 40 ukaisha kwa siku moja. Akaeleza na sababu: askari walikuwa wamechoka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, vita ambavyo jeshi lao halikuona njia ya kuvishinda.

Mtu wa kusini mwa Tanzania akisikia hayo hawezi kukaa kimya, nami sikukaa. Nilimwomba ruhusa niongeze neno. Nikawaambia kwamba kwetu vita hivyo vilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea, mkoa wetu wa Lindi, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Baba yangu akiwa kijana alifanya vibarua Nachingwea, na mpaka leo anawakumbuka vijana wa Msumbiji waliokuwa wakipita kwenye malori usiku. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miezi 14 baada ya siku ile ya maua. Kwa hiyo uhuru wa Wareno na uhuru wa Wamsumbiji vilizaana, na sehemu ya uchungu wa uzazi huo tuliuhisi kwetu.

Dada yule alinisikiliza akiwa amefunga mwavuli. "Endelea," akasema, "hili huwa silisimulii hivyo." Aliuliza Nachingwea inaandikwaje, akaiandika kwenye daftari lake. Mzee mmoja wa Kibrazili akauliza kama Watanzania waliwalisha vijana wale kwa chakula cha msaada au cha mashamba yao. Nikamjibu kwa ninavyojua kutoka nyumbani: vyote viwili, na wenyeji wenyewe hawakuwa na kingi.

Sasa nifike kwenye kituo kilichonifanya niandike haya.

Tuliteremka mtaa wa Baixa. Hapo alituuliza tumeona nini kwenye madirisha. Kijana wa Poland akajibu kwamba yanafanana nyumba hata nyumba. "Yanafanana kwa sababu yalitengenezwa kwa kipimo kimoja, kwa haraka, na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu," akasema, kisha akatunyamazisha mpaka tulipopita chini ya tao la Rua Augusta na kutokea uwanja mpana uliofunguka mbele ya mto Tagus. Wenyewe wanauita rasmi Praça do Comércio, lakini wazee bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ijapokuwa hakuna kasri. Katikati yupo mfalme José wa Kwanza juu ya farasi wa shaba, sanamu ya mwaka 1775.

Dada akatutaka tusimame mto ukiwa ubavuni mwetu. Akatoa kwenye mfuko wake wa turubai mchoro mkubwa uliotiwa plastiki, akaunyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akasogea hatua mbili kushoto, nusu hatua mbele, mpaka ukingo wa mto uliochorwa ukakaa sawa na ukingo wa mto wa kweli. Ghafla kasri likarudi mahali pake. Tukaona mnara wake, madirisha yake na merikebu zikiwa zimefunga mbele yake. Tulikuwa tumesimama mbele yake, kwenye uwanja wake ule ule.

Halafu akaanza kusimulia Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi, kabla ya saa nne, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka kila altare. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa. Walionusurika na kuta zilizoanguka walikimbilia mahali palipokuwa wazi, mbali na nyumba. "Hapa," akasema, "mlipo." Wakaona maji ya mto yakijivuta nyuma hadi matope ya chini yakaonekana. Kisha bahari ikarudi. Na ile mishumaa iliyoanguka makanisani, pamoja na majiko ya majumbani, ikawasha moto uliowaka karibu wiki nzima. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Kasri likaisha, na maktaba yake yenye vitabu kama 70,000, na jumba la opera lililokuwa na miezi michache tu tangu lifunguliwe. Iliisha pia Casa da Índia, ile ofisi iliyosimamia biashara yote ya Ureno na Bahari ya Hindi, pamoja na kumbukumbu zake.

Alipofika hapo aliushusha mchoro taratibu. Kasri likaondoka tena.

Nimesimama mbele ya wageni miaka mingi na sijawahi kuona kazi yetu ikifanywa vizuri namna hiyo. Ugumu wetu mkubwa ni huu: tunaonyesha vitu visivyokuwepo. Mgeni anafika Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya mwamba unaotazama bahari, na anachokiona ni kuta za kiunoni, vichaka, na shimo la pembe nane. Namwambia hili lilikuwa bwawa la kuogelea. Namwambia hapa palikuwa na ua wa kupokelea wageni, pale bohari za wafanyabiashara. Anatikisa kichwa kwa adabu, lakini macho yake hayana pa kushika. Maneno yanatosha kwa mwenye mawazo mapana na aliyelala vizuri. Kwa mwenye kiu na jua la utosini hayatoshi. Mwanamke huyu aliyapa macho pa kushika kwa karatasi moja, kwa kuisimamisha mahali penyewe na kwa kipimo chenyewe. Na aliliondoa jumba lile kwa wakati uleule alioutaka tuhisi hasara yake.

Aliendelea na ujenzi mpya, akatoa mfukoni kipande cha mbao kilichoungwa kwa vijiti vilivyopishana kama herufi X. Hiyo ndiyo gaiola, mifupa ya mbao iliyofichwa ndani ya kuta za nyumba za Baixa ili ardhi ikitikisika zipinde bila kuanguka. Akampa bibi wa mkongojo aikamue kwa nguvu zake zote, na haikuvunjika. Waziri wa mfalme, yule aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, aliwaachia wahandisi wa kijeshi kazi hiyo, na inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamuru askari watembee kwa kishindo kuuzunguka mfano wa nyumba. Chini ya ardhi yenye maji walipiga nguzo za misonobari. Chini ya mtaa wa Rua dos Correeiros zinaonekana hadi leo, pamoja na matangi ya Warumi ya kusindika samaki. Kila mtu aliondoka akijua jengo linavyosimama, na hakuna aliyelazimika kusoma ubao.

Baadaye akanyoosha kidole kwenye tao, akawataja waliochongwa pale. Mmoja ni Vasco da Gama. Akasema utajiri wa kasri lililopotea ulitokana na safari zake za India, akataka kuendelea na kituo kingine.

Nikanyoosha mkono. "Dada, samahani. Kabla ya India, alipita kwetu. Mimi natoka Kilwa."

Nililitamka kama tunavyolitamka, hakulijua. Nikaliandika kwa herufi zao za zamani: Quiloa. Hapo macho yakamtoka. "Quiloa! Ile ya Custódia!" Kisha akawageukia wenzangu, na nadhani alikuwa akijieleza yeye mwenyewe pia. Akasema kila mtoto wa shule Ureno anaoneshwa picha ya Custódia de Belém, chombo cha dhahabu cha kuwekea sakramenti, kilichotengenezwa kwa dhahabu ya ushuru wa Quiloa. Lakini kwake Quiloa lilikuwa jina lililoandikwa kwenye chombo. Hakuwahi kukutana na mtu anayetoka huko, wala hakuwahi kujiuliza kama pana watu mpaka leo.

Akanipa mwavuli wake wa njano. "Tusimulie wewe."

Basi nikatembeza wageni Lisbon, kwa dakika chache, mbele ya kasri lisilokuwepo. Niliwaambia kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Kwamba dhahabu iliyotutajirisha haikuchimbwa kwetu. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na Kilwa ikawa mlango wake wa kutokea baharini na mtoza ushuru wake. Kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, aliingia na merikebu zenye mizinga, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba asipolipa mji utateketezwa, na Ibrahim akalipa. Kwamba miaka mitatu baadaye walikuja wengine, na safari hii malipo hayakutosha: mji ulitekwa na kuporwa, wakamweka mtawala wao, wakajenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Masalia yake yako chini ya Gereza tulilonalo sasa, lililojengwa baadaye enzi za Waarabu wa Omani.

Mjukuu wa yule bibi, msichana wa miaka kumi hivi, akauliza: "Na dhahabu mlirudishiwa?"

Nikamwambia hapana.

Sehemu iliyobaki ilikuwa Alfama, na nitaipita kwa haraka kidogo, ingawa ni nzuri. Ni mtaa wa vichochoro uliokaa kwenye kilima cha mwamba, ndiyo maana uliumia kidogo kuliko Baixa. Waislamu waliutawala mji huu mpaka mwaka 1147, Afonso Henriques alipoutwaa kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba kutoka kaskazini, na Kanisa Kuu likajengwa mahali pa msikiti mkuu. Aliyezoea kutembea Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea Alfama. Uwembamba wa njia ni ule ule, na kivuli ni kile kile. Nguo zilianikwa madirishani, samaki wa dagaa wakubwa wanaoitwa sardinha walikuwa wakichomwa milangoni. Hapo dada alitushushia sauti yake na kutuomba tushushe zetu. Akasema wenyeji wengi wamehama kwa sababu nyumba zimegeuzwa vyumba vya kupangisha watalii, na waliobaki wana haki ya kulala. Msiwapige picha bila kuwaomba. Nililiweka moyoni, kwa sababu Kisiwani nako ni kijiji cha watu, na wapo wageni wanaoingiza kamera uani kwa mama anayetwanga kana kwamba naye ni gofu.

Tulimalizia kwenye uwanja wa juu wa Portas do Sol, wenye mandhari ya mto. Watu walimpa haki yake kwa ukarimu. Mimi nilimpa yangu, akaikataa, nikamsihi akaipokea. Akaniandikia kwenye kikaratasi jina la jumba la makumbusho na mtaa wake.

Nilikwenda kesho yake. Ni Museu Nacional de Arte Antiga, magharibi ya Baixa, mtaa wa Rua das Janelas Verdes. Chombo kimo ndani ya kioo, peke yake. Kwa jinsi nilivyokuwa nimekiwaza nilidhani ni kikubwa. Hakifiki mita moja. Kazi yake inastaajabisha. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kuwekea mkate mtakatifu, kila mmoja na sura yake na vazi lake la rangi, juu yao ananing'inia njiwa, na juu zaidi minara myembamba kama ya kanisa lenyewe. Fundi anatajwa kuwa Gil Vicente. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kireno cha kale yanayozunguka, yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu na ushuru wa Quiloa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Mwaka 1506. Mwaka ule ule wa mauaji ya São Domingos. Nilisimama nikiwaza kwamba fundi alikuwa akiwachonga mitume wale kwa mikono yake huku barabarani watu wakiuawa, na huku Kilwa ikiwa na mwaka mmoja tangu iporwe. Kama nisingepita kwa miguu kiwanjani siku iliyotangulia, tarehe ile isingeniambia chochote.

Nilihisi hasira, na nilihisi fahari, na sikuona haja ya kuichagua moja. Jina letu limeandikwa kwenye dhahabu ndani ya mji mkuu wa waliotuteka, na wao wenyewe ndio waliolichonga. Hakuna anayeweza kusema dhahabu ile ilikuwa zawadi.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa kijana mmoja fundi wa kuchora mabango pale Masoko. Tukakaa na ramani za Husuni Kubwa zilizochorwa na wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960, tukapima kwa kamba, tukarekebisha mara nyingi, mpaka tukapata mchoro wa ua na bwawa kama unavyoonekana ukisimama kwenye ngazi. Umetiwa plastiki. Nikifika pale na wageni naunyanyua, nasogea mpaka mstari wa bahari ukae sawa, na nawaona wakiacha kutazama simu. Wenzangu wawili wameshaniomba nakala. Bado natafuta namna ya kupata picha nzuri ya Custódia, yenye ruhusa kamili, tuiweke ofisini Masoko ambako wageni hukata vibali vya kuvuka, maana watoto wa shule wa Kilwa wana haki ya kuijua kama wanavyoijua wenzao wa Ureno.

Wareno huja kwetu, si wengi, lakini huja. Nao sasa nawaanzishia Gereza, nawasimulia mwaka 1502 na mwaka 1505 bila kupunguza, nikiwa nimewatafutia kivuli kwanza. Karibu kila mara mmoja wao huuliza dhahabu hiyo iliishia wapi. Namtajia mtaa: Rua das Janelas Verdes.